Pengo Mbele ya Madhabahu ya Aba Nolawi

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba huko nyanda za juu za Uhabeshi, zamani za watawala wa milimani, aliishi mtawa mchaji aliyeitwa Aba Nolawi, Mungu amrehemu. Yeye na ndugu zake walikuwa wakichonga kanisa ndani ya mwamba. Kazi hiyo, wapendwa, si kama kujenga nyumba. Mjenzi huanza na msingi na kumaliza na paa. Mchongaji wa mwamba huanza na dari, akashuka polepole hadi sakafuni, na nguzo zake ni mwamba uleule aliobakiza. Mjenzi akikosea hubomoa akaanza upya. Mchongaji akikosea, amekosea mpaka Kiyama, kwani jiwe likishatoka halirudi.

Mlima ule ulikuwa mali ya Liwali Asrate, mtu mkavu asiyependa kuchezewa. Aliwahi kujengewa kanisa jingine, waashi wakaficha ufa kwa chokaa, na siku ya sikukuu dari ikamwangukia mama yake mzazi. Tangu siku hiyo hakumwamini mtu yeyote mwenye patasi. Alimwambia Aba Nolawi, "Nichongee kanisa la jiwe moja lisilo na kiraka, na mlima wote utakuwa wa monasteri. Nikikuta kiraka, mtahama nyote." Na hao wote hawakuwa watawa peke yao. Katika mapango ya chini waliishi wakoma waliofukuzwa vijijini kwao, ambao Aba Nolawi aliwalisha na kuwaosha vidonda kwa mikono yake. Hawakuwa na mahali pengine duniani pa kulaza ubavu.

Kazi ilikaribia kwisha, ikabaki nguzo moja tu ya kunyoosha, iliyokuwa mbele ya madhabahu. Hapo nafsi ikamhadaa mja wa Mungu, maana hata walii ni binadamu. Nguzo ilikuwa nzuri vya kutosha, lakini yeye aliitaka iwe nyembamba zaidi, watu waje washangae. Akachonga, akachonga tena. Patasi ikagusa mshipa laini uliojificha ndani ya jiwe, na nguzo nzima ikakatika na kuporomoka miguuni pake. Dari ikabaki inaning'inia bila kitu chini yake. Aba Nolawi aliketi juu ya vifusi akalia kama mtoto.

Ndugu Zegeye, mchongaji mwenzake, alimshika bega. "Baba, usilie. Tupange mawe, tuyapake chokaa, tuchore malaika juu yake. Nani atajua?"

"Nitajua mimi, mwanangu. Na huyo malaika naye atajua."

"Na wagonjwa je, Baba? Tukifukuzwa watalala wapi? Huo ukweli wako watajifunika nao wakati wa baridi?"

Swali lile lilimchoma, maana halikutoka kwa mtu mwongo. Lilitoka kwa mtu mwenye huruma. Aba Nolawi akafunga na kusali, kisha akashuka mwenyewe mapangoni, akawaeleza wagonjwa kosa lake lote. Aliyemjibu ni Bibi Tsedale, ambaye ugonjwa ulikuwa umekwisha kumla vidole. "Aba, sisi tumefichwa maisha yetu yote," alisema. "Usifiche kitu kingine kwa ajili yetu."

Siku ya Sikukuu ya Msalaba Liwali akapanda mlima na umati wa watu, akifuatana na waashi wenye nyundo, tayari kugonga kila nguzo. Aba Nolawi hakungoja wagonge. Alimlaki Liwali mlangoni, akainama mpaka paji la uso likagusa vumbi.

"Bwana wangu, nguzo moja haipo. Niliivunja mimi kwa kutaka sifa. Kiraka sikuweka. Fanya unavyoona, ila nakuomba uwahurumie wagonjwa."

Waashi wakaingia, wakatazama juu, wakatoka mbio. Walisema dari ile haiwezi kustahimili hata mlio wa ngoma. Liwali alikaza macho kwenye giza la mlango.

"Kiraka sikioni," alisema mwishowe. "Lakini siwaingizi watu kaburini. Wewe uliyeivunja, simama pale ilipokuwa nguzo, ibada nzima, na ngoma zipigwe. Dari ikikaa, mlima ni wenu. Isipokaa, Mungu akupokee."

"Nitasimama, bwana wangu."

Akaingia peke yake, akasimama kwenye pengo, akainua mikono. Mara akaona Zegeye anaingia nyuma yake, ngoma shingoni.

"Toka, mwanangu. Kosa ni langu."

"Ni lako, Baba. Lakini ngoma haijipigi."

Ibada ikaanza. Ngoma ilipolia, vumbi likamwagika kutoka darini likamjaa Aba Nolawi mabegani, na watu waliokuwa nje wakashika vichwa. Hakushusha mikono. Ndipo Bibi Tsedale akapita katikati ya umati uliompisha kwa hofu ya ugonjwa wake, akaingia, na wakoma wote wakamfuata wakiimba kwa sauti kubwa. Zegeye akazidisha mapigo. Mwamba wote ulivuma, na kutoka ile dari, wapendwa, hakikudondoka tena hata kipande cha changarawe!

Liwali Asrate alisikiliza mpaka akashindwa kuvumilia. Akavua viatu, akaingia, akaenda moja kwa moja kusimama kando ya Aba Nolawi, chini ya dari tupu.

"Mama yangu alikufa chini ya uongo," alisema, machozi yakimtiririka. "Hapa, Aba, sioni uongo juu ya kichwa changu."

Umati wote ukamiminika ndani, vigelegele vikapaa, na wenye afya wakaimba bega kwa bega na wakoma. Mlima ukawa wa monasteri tangu siku ile.

Pengo lile halikuzibwa kamwe. Husemwa kwamba kila aliyekuja kutubu katika monasteri ile alisimama hapo, akainua mikono na kutaja kosa lake bila kulipaka chokaa. Nasi tuna mapengo yetu, na chokaa tunayo tele majumbani. Mola atujalie kusimama wazi mahali tulipovunja, kwani ndipo Yeye mwenyewe anapotushikia dari.