Ada ya Nembo kwenye Treni za Makopo

Zamani si mbali sana, reli ilipokwisha kufika Mwasenga, palikuwa na mama mmoja, Nyamizi, aliyeunda treni za kuchezea kwa makopo na kuziuza stesheni. Kila treni aliichorea nembo ya reli, kichwa cha nyati.

Siku moja akamjia mkuu wa stesheni, Bwana Kihwelo, tumbo mbele.

"Nembo ni mali yetu. Kila treni utailipia ada."

"Baba, nikilipa, bei itapanda mara tatu. Mtoto gani atanunua?"

"Hayo yako. Ukikataa, nazikamata zote."

Nyamizi akapiga goti. "Basi nitalipa. Ila watangazie abiria kwamba hizi ndizo treni zenu hasa, wasije wakaniita tapeli."

Kihwelo akavimba kichwa, akashika kipaza sauti. "Treni za Nyamizi ndizo treni zetu hasa! Hazina tofauti!"

Kesho yake, abiria waliokuwa wakisubiri treni tangu juzi walimzunguka Nyamizi wakicheka mpaka machozi. Treni zake zote hazikuwa na gurudumu hata moja, na nembo ilikuwa kubwa kuliko dirisha.

"Kweli bwana, hazina tofauti!"

Kihwelo akaja mbio. "Futa nembo, we mama! Futa zote!"

"Na ada, baba?"

"Ada ya nini tena? Futa!"

Nyamizi akafuta. Kihwelo alipoondoka, akafungua pindo la kanga, akatoa vizibo vya soda na kuzirudishia treni zake magurudumu. Anayebisha aende stesheni akaulize bei.