Maji Yaliyopita Mbele ya Wenye Kiu

Jana mlikuwepo. Msijifanye hamkuwepo. Aikande aliposimama kwenye kikao cha kata akasema, "Maji yakifika mkiani, mfereji mzima umelowa," niliwaona mkiinamia simu zenu. Mmoja akapiga miayo. Mwingine akageukia dirisha, kana kwamba dirisha ndilo lililokuwa likizungumza. Nawe unayesoma haya baadaye, usiwacheke. Una dirisha lako pia.

Leo mmekuja kuniuliza msemo ule umetoka wapi, maana hamkuukuta katika kitabu cha shule. Hamkuukuta kwa sababu ni mchanga kuliko ninyi. Mnadhani methali zote zilizaliwa kabla ya bibi zenu. Hii niliiona ikizaliwa, hapa hapa kijijini, mwaka mlima ulipofungwa. Kaeni niwape chanzo chake, na mtu asinikatize mpaka maji yafike.

Kabla ya ugonjwa ule wa dunia nzima, kijiji hiki kilikula kutoka mlimani. Desturi yetu ya urithi mnaijua. Kihamba, lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, hupewa mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho. Wa katikati hupewa baraka, na baraka haioti mgomba. Basi watoto wa katikati waliteremka wakajenga kule chini, mkiani mwa mfereji, mahali migomba inapokwisha na vumbi linapoanza. Ardhi ya kutosha hawakuwa nayo, lakini walikuwa na mabega. Wakawa wagumu, wale wapagazi wanaobeba hema na masufuria ya watalii mpaka karibu na barafu. Mlima ndio uliokuwa kihamba chao.

Elinami alikuwa mmoja wao. Mkewe, huyo huyo Aikande wa jana, alichemsha mayai na kukaanga chapati akiuza getini, pale mizigo inapopimwa kabla ya kupanda. Mtalii mmoja akiingia getini, nyuma yake walikula mgumu, mpishi, mwenye kuku, fundi wa buti, kijana wa pikipiki na mama wa maziwa. Hatukuliona hilo wakati huo. Nani hutazama maji yakipita wakati hana kiu?

Kisha ndege zikaacha kuja. Hakuna aliyefukuzwa kazi, sikilizeni vizuri. Hapakuwa na barua wala tangazo. Kazi yenyewe iliondoka tu, kama ukungu unavyoondoka juu ya migomba, ukageuka ukakuta haupo.

Asubuhi moja Elinami na mkewe walipanda getini na beseni la mayai, kwenda kuhakikisha. Nilikuwa njia moja nao. Mizani ya mizigo ilikuwa inaning'inia tupu, upepo ukiipima. Kwenye benchi la wagumu walikaa mbega, wale kima wenye manyoya marefu meupe, wametulia kama wazee wa baraza. Na juu yao mlima, wote, mweupe, bila mtu hata mmoja mgongoni mwake. Tangu nizaliwe sikuwahi kuuona ukiwa peke yake. Elinami alivua kofia. Sikuogopa njaa pale, nawaambia kweli. Niliogopa ukubwa wa kitu ambacho kingeweza kunyamazisha mlima.

Tuliporudi, mayai yakaliwa nyumbani mpaka watoto wakayachukia. Kuku wakafuata. Elinami akajaribu kuuza buti zake za mlima, akarudi nazo.

"Nani anunue buti za mlima na mlima umefungwa?" Aikande akamwambia. "Hata mbuzi hawezi kuzila."

Tukasikia kwamba mjini msaada umekuja, umepewa wenye kampuni za utalii ili uwateremkie wafanyakazi. Tukangoja. Bado tunangoja. Ulinywewa njiani, na walioketi juu walisema kwa huruma kabisa kwamba hali ni ngumu kwa wote.

Basi kila mtu akashika jembe. Waliokuwa mijini wakarudi, waliokuwa hotelini wakarudi, na masika yale kikapandwa kila kipande, hata pembeni mwa njia na nyuma ya vyoo. Aikande alipanda maharage na mahindi katika kile kiwanja chao cha mkiani. Mvua ikakatika mapema, maharage yakiwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Maua ya maharage hayakopeshi, ninyi mnajua. Yakikosa maji wiki ile, yanadondoka, na mwaka wa nyumba ile umedondoka nayo. Hawakuwa tena na kuku wala mayai, wala kazi ya kukimbilia. Walikuwa na maua yale.

Kila mtu akakumbuka mfereji. Na mfereji una sheria ya mababu: maji huanza juu, kihamba cha kwanza kwanza, yakiteremka kwa zamu. Zamani ilitosha, kwa kuwa wengi tulikula kutoka mlimani na hatukumwagilia. Sasa walikuja wote. Kila mmoja akafungua kwake kidogo, kwa hofu, akafunga, kesho yake akafungua tena kidogo. Mfereji wenyewe ulikuwa mkavu, na mfereji mkavu una kiu yake. Maji yakigawanywa vidogo vidogo, udongo unayanywa kabla ya watu. Waliokuwa juu walipata matope. Wa katikati walipata unyevu. Mkiani walipata habari kwamba maji yamefunguliwa.

Aikande akapanda kwenda kuomba. Kihamba cha kwanza kabisa, karibu na banio, pale maji yanapoingilia kutoka mtoni, kilikuwa cha Anaeli. Anaeli ni kaka mkubwa wa Elinami, mtoto wa kwanza, mwenye urithi. Alikuwa amejenga na vyumba vya kulaza watalii, na mwaka ule vyumba vyake vililaza popo.

"Shemeji," Aikande akamwambia, akiwa amesimama kwenye geti la nyumba kwa adabu, "mfereji upite siku moja tu bila kufunguliwa. Maharage yangu yanatoa maua."

"Shemeji, maji hayana huruma," Anaeli akajibu. "Yanafuata mteremko. Na mteremko unaanzia kwangu. Nifanyeje, niupindue mlima?"

Waliokuwepo walicheka. Wako hai, na ninawakumbuka kwa majina. Aikande alisimama kidogo akiyatazama maji yakiingia kwenye migomba ya shemeji yake, kisha akateremka.

Jioni ile alipita nyumba za wagumu, mlango kwa mlango. Aliwaambia hivi: "Msaragambo ukipigwa, nani anakwenda?" Msaragambo, kwa wasioujua, ni kazi ya wote. Baragumu linalia, kila nyumba inatoa mtu, mfereji unasafishwa. "Nyinyi ndio mnaobeba mawe. Mnausafisha mfereji wa nani?"

Baragumu lililofuata lilipolia, mkiani hakutoka mtu. Kutokwenda msaragambo ni jambo zito kwetu. Ni kama kukataa kuzika. Kule juu wakasema, waache wasusie, watachoka. Kisha msituni ikanyesha mvua moja kubwa, isiyofika kwetu, na mto ukateremsha gogo na mawe ukayakalisha juu ya banio. Mfereji ukafa. Sasa wa juu wakawa sawa na wa chini. Walipanda na mapanga yao na makoti yao, wakalisukuma gogo siku nzima. Gogo halikujua nani ni mtoto wa kwanza.

Msimamizi wa maji alikuwa Meku Ndewario. Meku ni mzee, mwenye kuheshimiwa. Alikata jani la sale, akalifunga fundo, akateremka nalo kwa miguu mpaka mkiani, na Anaeli nyuma yake akitazama chini. Mnajua jani la sale. Mtu akikuletea, hata kama alikuumiza vipi, huwezi kumfukuza. Unasamehe. Watu walidhani atampa Elinami. Alimpita Elinami akalinyoosha kwa Aikande kwa mikono miwili. Vijana, nimeona mengi. Sijawahi kuona mzee wa maji akimwinamia muuza mayai.

Aikande alilipokea. Aliliweka magotini.

"Meku, nimesamehe," akasema. "Sale silirudishi. Wanaume watapanda kesho. Lakini maji yakifunguka, yaanzie mkiani."

Anaeli akashindwa kujizuia. "Shemeji, maji hayapandi. Yatafikaje mkiani kabla hayajapita kwangu?"

"Ndiyo nataka hivyo, shemeji. Yapite kwako, uyatazame."

"Niyatazame tu?"

"Uyatazame na jembe lako mkononi, usiyaguse. Na jirani yako hivyo hivyo. Yakishanifikia mimi, mtu wa mwisho, ndipo zamu ianze kupanda kuja kwako."

"Nitakuwa wa mwisho, mimi?"

"Utaona kukoje," Elinami akamwambia kaka yake. Hakusema kwa chuki. Alikuwa akimwelekeza, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia.

Meku Ndewario alimtazama Anaeli, Anaeli akatazama migomba yake kule juu, ambayo majani yake yalikuwa yameanza kujikunja. "Haya," akasema.

Kesho yake wagumu walipanda na kamba za mlimani. Lile gogo walilivuta kwa wimbo wao wa kubebea mizigo, wimbo ambao tangu geti lifungwe hakuna aliyeuimba. Kina mama walioubeba moyoni kama msiba walitoka nje kuusikiliza. Gogo likasogea. Banio likafunguka. Maji yakaingia.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penyewe.

Maji yalishuka polepole, yakisukuma mbele yake majani makavu na povu. Kwenye kila mlango wa mfereji, pale maji yanapoingilia shambani, alisimama mtu na jembe, na nyuma ya kila mtu shamba lake linakufa. Maji yakapita mbele yake, karibu hata angeweza kuchota kwa kiganja, naye hakuyagusa. Nyumba baada ya nyumba. Ungesikia udongo ukinywa. Nimeona mikutano mikubwa na maandamano ya watu wengi, lakini sijaona nguvu kama ile ya kijiji kizima chenye kiu kikiyaacha maji yapite.

Kwa Anaeli, fuko alikuwa amechimba ukingo. Maji yakapata tundu, yakaanza kuingia kwenye migomba yake yenyewe, bila yeye kufungua kitu. Nani angemlaumu? Ni fuko. Nilikuwa upande wa pili wa mfereji nikamwona akiyatazama. Jani la mgomba wa kwanza kama lilitikisika. Kisha Anaeli akavua koti lake, lile zuri la kupokelea wageni, akapiga magoti kwenye tope akalisokomeza tunduni, akalikandamiza kwa kisigino mpaka likaziba. Alikuwa ameelewa. Kila tone linalopotea, kwake au kwa jirani, lingechelewesha maji kufika mwisho, na zamu yake ilikuwa ikingoja huko mwisho. Tangu hapo kila mtu akawa mlinzi wa mfereji wa wote. Zamani kila mtu alilinda mlango wake.

Kwa kuwa hayakugawanywa, maji yalipata mbio. Yakawapita wa katikati, yakavuka njia, yakaingia kwenye vumbi la mkiani ambalo halikuwahi kuyaona kiangazi. Aikande alikuwa amesimama mbele ya maharage yake. Hakupiga kigelegele. Alifungua mlango wake kwa mguu, taratibu, maji yakaingia kati ya mistari, na maua yalikuwa bado yameshika.

Akageuka akamwambia jirani wa juu yake, kwa sauti ya kawaida, "Yamefika." Jirani akamwambia wa juu yake. Neno likapanda mlima kinywa kwa kinywa, dhidi ya maji, mpaka kwa Anaeli mwenye tope magotini, mpaka kwa Meku Ndewario aliyekaa banioni. Mzee akainuka. Akaingiza fimbo ukingoni, akaitoa, akaona imelowa hadi mkononi. Ndipo akasema maneno mnayoniuliza. Zamu iliporudi juu, udongo haukunywa tena, ulikuwa umeshiba. Maji yaleyale, ambayo zamani hayakuwatosha hata watu wa juu, yakatosha. Hatukunenepa mwaka ule. Lakini hakuna nyumba iliyozima moto.

Hiyo ndiyo asili yake. Sasa turudi jana.

Jana kikao kilikuwa kinaamua sheria ya mfuko wa maafa, siku ugonjwa mwingine ukija kuufunga mlima. Na utakuja, msidanganyane. Wakasema mfuko uanze kwa wenye hoteli na wenye kampuni, kisha utawateremkia wengine. Mama aliyekwisha kuuona udongo ukinywa akasimama kuwaambia ukweli, nanyi mkatazama dirisha. Watoto wa wagumu, ninyi, mliokua kwa maharage yale.

Sheria haijapigiwa muhuri. Kikao kinarudi mchana huu, na mlango wa ofisi ya kata uko wazi kwa yeyote. Sitaki mniambie hadithi ilikuwa nzuri. Zimeni simu, nyanyukeni, mpitieni Aikande kwake mwende naye, mkasimame mbele yao wote mpaka waandike kwamba mgumu na muuza mayai ndio wa kwanza kufikiwa. Wakicheka, wakiuliza kwa nini, jibu mnalo. Maji yakifika mkiani, mfereji mzima umelowa.

Nendeni. Mbona bado mmekaa?