Gorogoro Arobaini za Kipngeno

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Hauna sura, lakini unaujua mgongo wako. Msala mpya upitao begani mwa mwenyewe hupendeza macho, nao hupita. Aliyekwisha kuutupa mbacha wake hulala sakafuni. Kipngeno wa Kibomet, Kitale, aliieleza methali hii shuleni akapata alama zote. Kuielewa kulimngoja Kabuchai.

Kijana huyu ndiye aliyeandika programu ya kinu cha unga cha Kanduyi. Haikuwa na picha wala vitufe vya kubonyeza. Uliandika amri, unga ukamwagika guniani. Suad, mama aliyekiendesha kinu kwa miaka tisa, akiandika "toa 40", mashine ilitoa gorogoro arobaini, yaani kilo themanini. Gorogoro ndicho kipimo cha sokoni.

Siku moja Kipngeno akasoma kanuni za vipimo, zikamlevya kama busaa. Kanuni zilitaka kilo.

"Weka hiyo kilo, lakini yangu pia uiache," Suad alimwambia kwa simu. "Vidole vyangu ni vizee, havisomi barua."

"Mama, kanuni ni kanuni. Dunia nzima inapima kwa kilo."

"Dunia nzima inakuja kununua unga Kanduyi?"

Kipngeno akacheka, akaituma programu mpya kutoka Kitale bila kumwambia ni siku gani.

Wiki hiyo hiyo alikuwa akienda Kabuchai kuposa. Babake Sandra, mchumba wake, alikuwa amealika watu mia moja na hamsini, na Kipngeno akaahidi unga wote. Akaagiza gorogoro arobaini. Suad akaandika "toa 40" kama siku zote, macho yake yako kwenye chai. Magunia yakashonwa, yakapakiwa kwenye pikipiki, yakaondoka.

Saa saba mchana kuku walikuwa tayari, ugali ukafikia nusu ya wageni. Nusu ya pili ikautazama mchuzi kama watu waliofika mtoni wakakuta daraja limeenda na maji.

"Kijana," babake Sandra akasema polepole, "umeleta nusu. Na huyu binti nikupe nusu gani?"

"Baba, zimetoka kilo. Nilibadilisha kipimo."

"Ulimwambia anayepima?"

"Sikumwambia ni siku gani."

"Ati mtu anabadilisha kipimo na anayepima hajui. Akishaoa atabadilisha nini? Hakuna maneno ya posa hapa mpaka kila mgeni ashike tonge."

Sandra akapita na sufuria tupu. "Si ulisema ni kanuni, bana. Basi wapakulie kanuni."

Kipngeno akatoa simu, akairudisha programu ya zamani, akampigia Suad.

"Mama, andika toa ishirini."

"Ishirini za nani?"

"Zako, mama. Gorogoro."

"Ngoja nimalize chai."

Saa kumi ugali ukafika kila sahani, na posa ikapokelewa. Jumatatu Kipngeno akaandika upya: namba tupu ni gorogoro kama zamani; anayetaka kilo aandike kilo. Mkaguzi wa vipimo alikuja, akaandika kilo, akapata kilo, akaenda zake ameridhika. Suad hata hakujua kwamba kuna kilichobadilika, na fundi hana sifa kubwa kuliko hiyo. Msala mpya una mahali pake, tena pazuri. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao.