Karai la Suyin

Mtu mmoja alikuwa na mke aliyejua kulisha watu. Mume huyo aliitwa Liang, Mchina aliyekuja Morogoro kijana kwa kazi ya ufundi, akapapenda, asirudi tena kwao. Mkewe Suyin aliwalea hapo watoto wao wawili, Guowei na dada yake Meifeng. Chakula chao cha jioni hakikuwa na makuu. Suyin alikatakata kila kitu kwanza, akapepea mkaa mpaka ukakolea, kisha akakaanga harakaharaka kwenye karai la chuma, tangawizi na kitunguu saumu vikitangulia. Alipakulia jikoni, akampelekea kila mtu bakuli lake.

Suyin alikufa uzeeni, na baada ya mazishi chakula kikagoma kupita kooni kwa Liang. Majirani walileta uji, wakaleta supu ya kuku. Aliwashukuru kwa moyo, lakini hakuweza. Watoto wake, ambao sasa ni watu wazima wenye nyumba zao, walimkuta amebaki mifupa, wakaogopa kwamba watazika tena. Aliwaambia kwamba anatamani kile chakula cha mama yao, basi.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Guowei alisema kilikuwa nyama iliyokatwa nyembamba pamoja na mayai. Meifeng alisema kilikuwa maharage mabichi na karoti, na nyama haikuwamo kabisa. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. "Dada, usimsingizie mama," Guowei alisema, "mama hakutulisha majani." Meifeng naye akamjibu maneno ambayo hayasemwi karibu na mgonjwa. Watu wawili waliopendwa na mwanamke mmoja wakagombana juu ya namna alivyowapenda. Ni aibu kusimulia, lakini ndivyo tulivyo.

Mwishowe kila mmoja akapika chake, huyu uani, yule jikoni. Baba akaonja cha mwanawe, akaweka bakuli chini. Akaonja cha binti yake, akaweka bakuli hilo nalo chini. Wote wawili walikuwa wameshindwa.

Ndipo mzee alipoomba ainuliwe. Akajikokota mpaka jikoni, akamwaga mabakuli yote mawili ndani ya karai, akageuzageuza mpaka harufu ikajaa nyumba. Akaonja. Akala, akaongeza, machozi yakimtoka. Kisha akasema, "Wanangu, karai lilikuwa moja. Guowei, ulikuwa mtoto wa kuuguaugua, mama yako akakuchagulia nyama na mayai. Meifeng, nyama ilikuwa ikikutapisha, akakuchagulia mboga. Alimpakulia kila mtu kwa jinsi alivyomjua."

Hapo wakakumbuka jambo ambalo wote wawili walilishuhudia kila jioni, wasilitie maanani: Suyin akimaliza kuwagawia wote, alitia wali wake ndani ya karai tupu, akaukoroga mpaka ukashika mafuta na chumvi iliyobaki, akala akiwa amesimama. Wakalia, na kilio chao kilikuwa cha shukrani, kwa sababu walijua sasa ukubwa wa kile walichopewa. Kaka akampakulia dada yake mayai machache, dada akampakulia kaka yake maharage, wakala pamoja na baba yao mpaka karai likawa tupu.

Basi wewe unayemshukuru Mungu kwa bakuli lako, mbona unamwita ndugu yako mwongo anapomshukuru kwa lake?