Programu Iliyokataa Kusakini

Jumatano, tarehe kumi na nne Mei, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Mwanamke mmoja, katibu wa chama cha wafuga nyuki katika mji mdogo kama huu wetu, aliacha kompyuta yake wazi mezani akatoka uani kuchukua udhu. Kopo lilianguka kwanza, yeye akafuata. Maji hayajamaliza kunywewa na mchanga, naye alikuwa keshaitikia wito wa Mola wake. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Lakini leo nataka tumtazame mumewe. Yeye ndiye aliyebaki.

Mume alikuwa mwenyekiti wa chama hicho hicho. Nyuki aliwajua. Mzinga angeupiga konzi moja tu, akakwambia una asali au hauna. Lakini barua za chama zilikuwa kazi ya mkewe. Mnunuzi wa asali yuko mbali, ng'ambo, na mambo yake yote huja kwa barua pepe. Nywila aliijua marehemu peke yake, na kompyuta ile ndiyo iliyokuwa ikiikumbuka.

Matanga yalipokwisha, wazee wa chama wakamjia. "Mwenyekiti, mnunuzi amepiga simu. Anasema ameandika, hajibiwi. Asipopata jibu la maandishi kufikia Ijumaa, atanunua kwingine."

Madumu ya asali yamejaa ghalani hadi mlangoni. Ada za watoto wa watu zimo mle ndani ya madumu. Mnaelewa?

Basi akaketi. Akafungua programu ya barua pepe. Kioo kikaandika kwa Kiswahili, maana marehemu alitaka hata mashine iseme lugha yake: Inasakinisha. Tafadhali subiri. Akasubiri. Ule mstari wa kijani ukajikokota kama konokono aliyeshiba, ukafika mwisho. Kikaja kisanduku chenye maneno na vitufe viwili. Akabonyeza kimoja. Kisanduku kikaondoka. Akafungua programu asome barua.

Inasakinisha. Tafadhali subiri.

Ndugu zangu, umepata kumkaribisha mgeni, ukampa kiti, ukageuka umletee maji, ukirudi unamkuta yuko nje ya mlango anapiga hodi upya? Ungemwambiaje? Mwenyekiti yule, mtu mpole, aliyezoea kuumwa na nyuki bila kulaani, aliipiga meza ile kofi. Kisha akasema astaghfirullah, akaanza tena. Mstari, kisanduku, kitufe. Inasakinisha.

Akaletwa fundi wa simu kutoka sokoni. Fundi akaifuta programu, akaiweka mpya. Alipotaka kuizima kompyuta, mwenyekiti alimshika mkono.

"Hiyo usifanye. Fanya yote, kuzima usizime."

"Sasa mzee, nitatengenezaje?"

"Tengeneza ikiwa inawaka."

Fundi akala wali, akaaga. Programu ikaendelea kupiga hodi. Na umeme ukikatika, na umeme wetu mnaujua, mwenyekiti alikimbia na waya kwenda kwenye betri ya sola kama mtu anayekimbiza mgonjwa hospitali.

Mzee mmoja wa chama akatoa ushauri. "Isomewe Yasini."

"Mzee wangu, hii ni mashine."

"Na mzinga si gogo tu? Mbona hupandi kuuchukua bila Bismillahi?"

Cheka, lakini walikuwa wameishiwa.

Alhamisi mchana akaja shemeji yake, mdogo wa kike wa marehemu, mwalimu wa sekondari, mwenye mdomo usiojua kufungwa. Alikuta wazee wamejaa barazani na mwenyekiti ndani ametoka jasho.

"Shemeji," akasema, "nasikia kompyuta inakupeleka mchakamchaka."

"Shemeji, usinichokoze leo."

"Nani akuchokoze? Umenuna kuliko nyuki aliyefukizwa moshi. Hebu fanya kama unavyofanya siku zote, nione."

Akafanya. Mstari ukajikokota, kisanduku kikaja, mkono wake ukaenda.

"Ngoja! Umebonyeza nini hapo?"

"Kile cha kulia. Huwa nabonyeza kile."

"Rudia. Kikija, usiguse."

Akarudia. Kisanduku kilipokuja, yule mwanamke akainama, akasoma kwa sauti ya darasani: "Ili kukamilisha kusakinisha, ni lazima kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Sasa, au baadaye?" Akamgeukia. "Na wewe siku zote unajibu baadaye?"

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa.

"Shemeji, programu haina ugonjwa. Inakuomba jambo moja, wewe unaikatalia, halafu nasikia unapiga meza makofi! Kwa nini huizimi?"

"Nikiizima, itaondoka."

"Nini kitaondoka?"

Mwenyekiti alisogeza ile programu pembeni. Nyuma yake palikuwa na ukurasa uliokuwa wazi tangu saa kumi na dakika ishirini ile. Ni barua kwa mnunuzi, haijaisha. Mstari wake wa mwisho ulisema: Asali ya mwaka huu ni nyeusi kidogo kwa sababu.

Hapo basi. Baada ya neno sababu, kile kijistari cha kuandikia kilikuwa kinapepesa. Kinawaka, kinazimika, kinawaka. Kama mtu ametoka mara moja, anarudi sasa hivi.

Mdomo usiojua kufungwa ukafungwa. Aliyeandika alikuwa dada yake. Akasema taratibu, "Shemeji. Dada hayumo humo."

"Najua."

"Maneno yake tutayahifadhi, hayapotei. Lakini hicho kinachopepesa si yeye. Hivi hiyo asali ni nyeusi kwa sababu gani?"

Mwenyekiti akapangusa uso. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote mjini. Akavuta kiti, na kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akaandika: mvua zilichelewa, na nyuki wakafuata maua ya miyombo ya bondeni. Akaweka nukta. Akahifadhi. Akasema Bismillahi, akabonyeza Sasa.

Kioo kikawa cheusi, akauona uso wake mwenyewe mle ndani. Kisha kikawaka. Programu ikafunguka mara moja, bila hodi, na barua za mnunuzi zikamiminika. Jibu likaondoka kabla ya adhana ya alasiri, likiwa na maneno ya watu wawili katika sentensi moja.

Sasa ndugu zangu, nisikilizeni polepole, maana mimi nasema polepole.

Kusakinisha ni kukifanya kitu kisakini. Kikae, kitulie, kiwe na maskani yake. Kitu kinachosakinishwa kila siku, je, kimesakini hata siku moja? Na sisi je? Kila Ramadhani tunaisakinisha dini upya. Tunasubiri ule mstari ufike mwisho, tunalia usiku wa mwisho. Shawwal mosi linakuja swali dogo: zima ya zamani, uwashe upya? Nasi mkono unakwenda wenyewe. Baadaye. Mwaka unaofuata tunashangaa mbona tunaanzia mlangoni.

Na hili nawaambia ninyi mliofiwa, nami nimo. Chumba kimefungwa kama alivyokiacha. Nguo zake zinaliwa na nondo, na kuna mtu hana nguo. Mirathi haijagawiwa, yatima wanasubiri. Ukiulizwa, unasema nina subira. Hiyo si subira! Subira ni kumkubalia Mwenyezi Mungu alilolipitisha. Hii yetu ni kumwambia Baadaye kwa sauti ya upole. Tunakilinda kinachopepesa, tunaacha sentensi ya mpenzi wetu ikining'inia, na sababu tunaijua. Nani ataimaliza, kama si wewe uliyeishi naye?

Nenda nyumbani leo. Lipa deni lake. Toa nguo zake. Maliza alichokianza, uweke nukta.

Inueni mikono. Ewe Mola, uliyewaita wetu katikati ya sentensi zao, wapokee na yote waliyoyakusudia kama kwamba waliyamaliza. Mrehemu mama yule wa asali. Mrehemu na mwenzangu, ambaye kanga yake ilikuwa msumarini hadi asubuhi ya leo. Lifanye kaburi lake maskani yenye nuru, isakini humo roho yake, itulie, isibishe hodi tena. Nasi utupe nguvu ya kusema sasa. Amin.