Nguchiro Achungulia Koo la Binti Kiboko

Watoto, kabla sijasimulia niungame. Mdogo wangu alipolalamika koo, nilimwambia, "Acha kudeka, meza ugali!" Akateseka wiki nzima kwa ubishi wangu. Mungu anisamehe. Haya, sikilizeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika chai na kufagia nyua zao, Mzee Kiboko aliishi na bintiye, Mashavu. Mashavu alikuwa akiumwa koo siku ya tatu. Homa juu, uji haupiti, hata akimeza mate, "Uwii!"

"Kimio hicho," akanguruma Kiboko. "Kimerefuka. Fisi atakikata."

Fisi alikuwa tayari barazani ananoa wembe, kwaruu, kwaruu, udenda unamchuruzika.

Nguchiro, muuguzi wa zahanati, akapita, akaisikia kwaruu ile, akasimama. Mwezi uliopita Fisi alimkata kimio mtoto wa Ngiri. Damu ilitoka kutwa, na koo likabaki linauma vilevile.

"Hodi! Shikamoo Mzee. Naomba nimchungulie mtoto koo."

"Wewe? Kijitu cha kichuguuni? Mdomo wa ukoo wangu uchunguliwe na wewe! Potea!"

Kumlazimisha asingeweza, pua ya Kiboko peke yake ilimzidi uzito. Nguchiro akajikuna sikio.

"Sawa, Mzee. Ila Mamba anajigamba kule mtoni. Eti watoto wake wanapanua mdomo kuliko wako."

"Mamba! Yule mwenye mdomo kama mwiko?" Kiboko akasimama, pu! "Mashavu! Panua, huyu aone!"

"Baba, inauma..."

"Panua, usinitie aibu!"

"Aaaa!"

Chupu! Nguchiro akarukia mdomo wa chini, kurunzi mkononi.

"Bado kidogo, hapo Mamba anamshinda."

"Aaaaaaa!"

"Asante, nimeona." Akashuka. "Kimio hakina kosa, Mzee. Mafindofindo ndiyo yamevimba, mekundu kama nyanya, yana usaha. Wembe hautibu usaha. Tukizidi kukaa, ugonjwa huu unaweza kumfikia mpaka moyoni."

"Moyoni?" Sauti ya Kiboko ikawa nyembamba kama ya mbu. Akamtazama bintiye, halafu akamtazama Nguchiro. "Umenihadaa, kijana."

"Nimekuhadaa, Mzee. Mamba hajasema neno."

"Na wembe wangu je?" Fisi akafoka. "Nimeshaunoa!"

"Kajinyoe ndevu!" Kiboko akamfuata kwa kishindo, tindi, tindi! Fisi akaruka ua, kiatu kimoja kikabaki.

Kiboko akambeba Mashavu mgongoni hadi zahanati, lile jitu lenye majivuno likikimbia nyuma ya Nguchiro na kuuliza, "Tumechelewa? Tumechelewa?" Hawakuchelewa. Mashavu alipewa dawa, akaimaliza yote, hata alipokwisha kupata nafuu.

Funzo ni hili: kiburi cha mkubwa kisicheleweshe tiba ya mdogo.

Nami nawaombeni, wanangu: koo likiuma, mwambieni mzazi au mwalimu siku hiyo hiyo.