Seva Iliyokataa Kuamka

"Mlango wa shaka humfungia nje mwenye nyumba." Mama yenu kawatupia maneno hayo akaenda zake sokoni, na ninyi mmebaki kunikodolea macho mimi. Haya, sogeeni. Watu hudhani kila methali imeachwa na mababu waliovaa kaniki. Hii ni ndogo kwa umri kuliko kaka yenu Shamte, na siku ilipozaliwa nilikuwapo. Ninaona haya mpaka leo kuisimulia, lakini ilizaliwa hivi.

Nilikuwa nasoma matangazo ya vifo katika redio ndogo ya jamii pale Kondoa. Vipindi vyetu vyote vilihifadhiwa kwenye kompyuta moja iliyofungiwa chumba cha nyuma, tuliyoiita seva. Kila mmoja wetu, akiwa mezani kwake, alivuta mafaili kutoka humo kwa kebo, kama nyumba kadhaa zinavyoteka maji kwenye tangi moja.

Meneja wetu, Bwana Salanga, alikuwa mchapakazi, lakini alijaliwa jicho la kushuku. Ukuta mzima ulijaa karatasi zake. Chooni, "Ni marufuku kumwaga maji ovyo." Kwenye birika, "Sukari vijiko viwili tu." Chini ya kila moja, "Kwa amri ya Meneja."

Mwezi ule redio ya jirani ilirusha mahojiano na mzee mmoja mpiga ngoma, yakifanana sana na ya kwetu. Bwana Salanga akaamua kwamba yameibwa, na mwizi ni Mwasiti, msichana aliyehariri vipindi, kwa kuwa binamu yake alifanya kazi redio ile. Ushahidi hakuwa nao. Binamu alitosha. Baadaye sana tulikuja kujua kwamba mzee yule alihojiwa na redio zote mbili, na hadithi yake alikuwa nayo hiyo hiyo moja.

Shaka huambukiza kuliko macho mekundu. Tulianza kufunga droo zetu kwa ufunguo. Mwasiti akiingia, mazungumzo yanakatika. Na mimi niliyemfundisha kazi, niliyekula pilau kwenye harusi ya dada yake, nikawa nafunika mkono kwa mkono ninapoandika nywila yangu, lile neno la siri la kufungulia kompyuta.

Ijumaa asubuhi umeme ukakatika, na betri ya akiba ikaisha. Umeme uliporudi, seva iliwaka taa zake zote, lakini mafaili hayakupatikana. Ile programu ya kuyagawa ilikuwa ikijaribu kuanza, kisha inakufa. Tukaizima, tukaiwasha. Wapi! Redio nzima ikabaki na nyimbo nne zilizokuwa kwenye flashi ya dereva.

"Ni yeye," alisema Bwana Salanga. "Amejua namchunguza, ameharibu ushahidi."

Akaandika barua ya kumfukuza Mwasiti, akaigonga muhuri, akaitia mfukoni amsubiri fundi athibitishe. Mwasiti alikuwa akiwasomesha wadogo zake wawili kwa kazi ile. Sote tulijua, na hakuna aliyefungua kinywa.

Jumamosi akafika fundi Elinihaki kutoka Dodoma, mwanamama asiye na haraka. Akaketi mbele ya seva, sisi tukajazana mlangoni. Mwasiti alisimama nyuma kabisa.

"Kebo imekatwa, siyo?" aliuliza Bwana Salanga.

"Kebo ni nzima, bosi."

"Basi amefuta diski."

"Diski haina neno. Mafaili yote yapo, nayaona."

"Basi kirusi! Kakileta kwa flashi." Kila alipotaja ubaya mpya alikuwa akigeuka kumtazama Mwasiti, na sisi tunageuka naye.

Elinihaki akaacha kazi. "Bosi, mimi natafuta kilichoharibika, wewe unatafuta mtu. Ngoja kwanza tuisome seva inalalamikia nini."

"Seva inaandika malalamiko?"

"Kila ikishindwa kuamka huandika imekwama wapi. Tangu jana imeandika mara kumi na nne. Kuna aliyesoma?"

Hakuna aliyesoma. Fundi akasogea karibu na skrini. Seva ilikuwa ikikwama kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia, mstari wa kumi na saba. Akatueleza kwamba orodha hiyo husomwa mara moja tu, wakati wa kuamka, na seva ikikuta humo maneno isiyoyaelewa, haianzi kabisa.

"Kuna mtu aliandika kitu humu Jumanne," akasema. "Kilikuwa kinangoja tu umeme ukatike."

"Si nilisema!" Barua ikatoka mfukoni. "Soma! Soma kwa sauti, wote wasikie alichoandika."

Elinihaki akasoma kimoyomoyo. Kisha akamtazama. "Nisome kweli, bosi?"

"Soma!"

"'Ni marufuku kwa Mwasiti kuingia humu. Kwa amri ya Meneja.'"

Meneja aliachiwa nywila kuu kwa ajili ya dharura. Aliingia Jumanne bila kumwambia mtu, na kwa kuwa hakuijua lugha ya mashine, aliandika kama anavyoandika mlangoni pa choo. Alitaka kumfungia nje mtu mmoja, akatufungia sote, yeye akiwa wa kwanza.

Fundi akaufuta mstari. Seva ikaamka, mafaili yakajaa kwenye skrini zetu, na hakuna aliyeshangilia.

Bwana Salanga akaichana barua. "Mwasiti, yamekwisha. Rudi mezani kwako."

"Fundi ameufuta mstari wangu kwenye seva, bosi," alisema Mwasiti. "Wewe, wa moyoni umeufuta?"

Hakumngoja ajibu. Akatugeukia sisi, mmoja mmoja, mpaka akafika kwangu. "Na wewe, mama?"

Nilitafuta neno, wajukuu zangu, mimi niliyelipwa kwa kusema. Sikulipata. Akachukua mkoba wake akatoka, na Jumatatu akaanza kazi kule kule kwa binamu yake. Mwaka haukuisha, Kondoa nzima ikawa inasikiliza redio ile, na nyumbani kwangu nikawa naifungua mimi mwenyewe.

Lakini siku ile Elinihaki alikuwa bado na fomu yake ya kujaza. Palipoulizwa hitilafu imesababishwa na nini, alifikiri kidogo, akaandika mstari mmoja, akampa Bwana Salanga atie saini. Alitia bila kuinua uso. Tulipoishika fomu ile, tukipokezana mkono kwa mkono, kila mmoja wetu alisoma: Mlango wa shaka humfungia nje mwenye nyumba.